Kreatinini ni nzuri lakini figo zimejaa vifuko: je, nisubiri tu?

*"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nina watoto wawili, wa miaka 7 na 4. Baba yangu ana miaka 54, na mwaka jana alianza dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine. Ndipo tukaambiwa ana ugonjwa wa figo wa kurithi, figo zake zimejaa vifuko vya maji. Bibi mzaa baba naye alifariki kwa figo zamani, ila wakati ule hakuna aliyejua ni nini. Nikaenda kupima. Ultrasaundi inasema figo zote mbili zina vifuko vingi vya ukubwa tofauti, ya kulia ina urefu wa sentimita 17.1 na ya kushoto 16.8, na ini lina vifuko vichache. Presha ilikuwa 138/88. Kreatinini ni ya kawaida. Daktari aliyenipokea akasema figo zinafanya kazi vizuri, ugonjwa hauna tiba, niishi tu na nirudi nikizidiwa. Tangu hapo nakunywa lita nne za maji kwa siku. Mjomba anasema vifuko hutobolewa vikaisha, wengine wanasema ni mwanzo wa saratani. Mdogo wangu wa kiume, miaka 24, alipima ultrasaundi akaambiwa yuko safi, na sasa anataka kumpa baba figo. Je, kweli nisubiri tu? Wanangu niwapime? Na mdogo wangu aendelee?"*

Pole kwa kuuguliwa na mzee, na pole kwa kupata habari zako mwenyewe wakati bado unazizoea zake. Umeuliza mambo matatu na yote nitayajibu, ila nianze na la kwanza kwa kuwa ndilo lenye haraka. Hapana dada, usisubiri. Ni kweli ugonjwa huu hauna dawa ya kuung'oa. Lakini kati ya kuung'oa na kukaa bure kuna mengi, na karibu yote yanafaa zaidi sasa, kreatinini yako, ile taka ya kwenye damu tunayoipima kujua figo zinavyochuja, ikiwa bado nzuri, kuliko miaka 15 ijayo.

Kwanza tuwe na hakika tunazungumzia nini. Kifuko cha maji kwenye figo ni jambo la kawaida. Watu wengi waliovuka miaka 50 wanacho kimoja au viwili, havirithiwi wala havidhuru, na huonekana tu mtu anapopimwa kwa shida nyingine. Wewe si wa kundi hilo. Kwa mtu ambaye mzazi wake ana ugonjwa huu na umri wake ni kati ya miaka 15 na 39, vifuko vitatu tu, hata vyote vikiwa kwenye figo moja, vinatosha kuuthibitisha. Wewe unavyo vingi, pande zote mbili, na hata ini limeguswa. Huhitaji kipimo cha jeni ndipo uamini. Na hauko peke yako: inakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 1000 hadi 2500 anao, na hakuna ugonjwa wa figo wa kurithi unaoufikia kwa wingi.

Chanzo ni hitilafu katika jeni moja. Kwa familia nyingi ni jeni iitwayo PKD1, iliyoko kwenye kromosomu ya 16, ambayo watafiti waliitambua mwaka 1994. Kwa familia chache ni PKD2, kwenye kromosomu ya 4, iliyotambuliwa mwaka 1996. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hizi, moja ya baba na moja ya mama. Mzee ana nakala moja nzima na moja mbovu, na kila mtoto wake alipokea moja kati ya hizo. Ndiyo maana tunasema uwezekano ni nusu kwa nusu. Watu husikia "nusu" wakadhani kwamba kati ya watoto wanne lazima wawili waugue, au kwamba dada akishaupata basi kaka ameponea. Sivyo. Kila mimba huanza hesabu yake upya. Watoto wote wanne wanaweza kuupata, na wote wanne wanaweza kuukosa. Haubagui wa kike na wa kiume. Wala hauruki kizazi, kwa sababu asiyeirithi nakala mbovu hana cha kumpitishia mwanawe. Ukiona kama umeruka, mara nyingi ni mtu aliyekuwa nao kwa kiasi kidogo akafariki kwa jambo jingine bila kupimwa. Na takribani mgonjwa 1 kati ya 10 hana mzazi mwenye ugonjwa. Kwake hitilafu ilizuka upya.

Jeni hizo hutoa maelekezo ya kutengeneza protini zinazokaa kwenye kinyweleo kidogo mno kilicho juu ya seli za mirija ya figo. Kinyweleo hicho huhisi mkojo unavyopita, na protini hizo huifanya seli itulie, isizaliane ovyo. Ukiwa na nakala moja nzima, seli nyingi hupata protini ya kutosha. Lakini mwaka hadi mwaka, katika seli moja hapa na nyingine pale, ile nakala nzima nayo huharibika. Seli hiyo huanza kuzaliana, ukuta wa mrija hufutuka, kifuko hujitenga na mrija uliokizaa, kisha huendelea kujijaza maji chenyewe. Ndiyo sababu vifuko vyako vina ukubwa tofauti: havikuanza siku moja. Kuna homoni iitokayo kwenye ubongo, vasopresini, ambayo kazi yake ya kila siku ni kuiamuru figo ibane maji yasipotee. Kwa mwenye ugonjwa huu homoni hiyo hiyo huchochea seli zizaliane na maji yamwagike ndani ya vifuko. Iweke akilini, tutaihitaji tukifika kwenye dawa.

Sasa kreatinini. Kila figo ina takribani vichujio milioni moja, na vifuko huota kwenye sehemu ndogo tu ya mirija yake. Shida ni ya jirani. Kifuko kinapokua hukandamiza mirija na mishipa ya damu iliyo karibu, na sehemu iliyokuwa nzima hugeuka kovu. Vichujio vilivyobaki huongeza kazi kufidia vilivyokufa, kama watumishi wanaobeba zamu za wenzao walioacha kazi, na mkuu wao, anayeangalia tu kama barua zimetoka, haoni upungufu wowote. Kreatinini ndiyo mkuu huyo. Inaweza kubaki ya kawaida kwa miongo miwili au mitatu huku figo ikiongezeka ukubwa kila mwaka. Inapoanza kupanda, sehemu kubwa ya figo imeshakuwa vifuko na makovu, na kuanzia hapo uwezo wa kuchuja hushuka kwa kiasi cha mililita 4 hadi 6 kwa dakika kila mwaka. Kwa hiyo aliyekuambia figo zinafanya kazi vizuri alisema kweli. Alipokosea ni kukupangia urudi ukizidiwa, yaani baada ya ile miaka ambayo ungeweza kufanya jambo.

Kinachotuonyesha mwendo wa ugonjwa mapema ni ukubwa wa figo, na hapo ripoti yako ina habari ambayo naona haikusomwa. Figo ya mtu mzima huwa na urefu wa sentimita 10 hadi 12. Zako zina 17. Figo yenye zaidi ya sentimita 16.5 kabla ya miaka 45 ni mojawapo ya dalili kwamba ugonjwa unakwenda kasi. Urefu peke yake hautoshi, kwa hiyo omba pia upana na unene. Madaktari huzidisha urefu kwa upana kwa unene, kisha mara 0.52, wakapata ujazo. Tuseme, kwa mfano tu, figo yako ya kulia ina upana wa sentimita 8 na unene wa 7.5: ujazo wake ungekuwa takribani mililita 530, wakati figo ya kawaida huwa na 150 hadi 200. Vipimo vya picha vya MRI au CT-skani hutoa ujazo wa kuaminika zaidi. Ujazo wa figo zote mbili hugawanywa kwa kimo chako, ukalinganishwa na umri, na kwa mpangilio uliotolewa na Mayo Clinic ya Marekani mwaka 2015 mgonjwa huwekwa katika daraja la 1A, ambalo huenda polepole sana, hadi 1E, ambalo hukimbia. Hilo ndilo swali la kumuuliza bingwa wa figo siku ya kwanza: mimi ni wa daraja gani?

Kuna dokezo jingine katika barua yako. Mzee alifika kwenye dayalisisi kabla ya kutimiza 55, na hilo linaelekeza kwenye PKD1. Kwa hitilafu za PKD1 zinazokata protini katikati, umri wa kati wa figo kushindwa ni kama miaka 55. Kwa hitilafu nyingine za PKD1 ni kama 67. Kwa PKD2 ni kama 79. Usizichukue namba hizi kama tarehe yako. Ndugu wa tumbo moja wenye hitilafu ile ile wanaweza kupishana sana. Tena mzee amejua mwishoni, kwa hiyo miaka yote iliyopita hakuna aliyekuwa akizilinda figo zake. Wewe umejua ukiwa na 31.

Nikiri kwamba katika barua yako hakuna kilichonishtua kama presha. 138/88 kwa mwanamke wa umri wako mwenye figo za namna hii haikupaswa kuandikwa tu na kuachwa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hupata presha ya juu kabla kreatinini haijasogea hata kidogo, kwa sababu vifuko hubana mishipa midogo ndani ya figo, nayo figo, ikidhani damu imepungua mwilini, hutoa homoni za kupandisha presha. Presha ile huziumiza figo zaidi, huku ikikaza moyo na mishipa ya ubongo. Mara moja haitoshi kuhukumu. Nunua au azima mashine ya mkononi, pima asubuhi na jioni kwa siku saba ukiwa umekaa na kutulia dakika tano, andika kila namba.

Ikithibitika, dawa za kuanzia ni za jamii ya enalaprili na lisinoprili, au jamii ya losartani. Chagua moja na daktari. Kuzichanganya jamii zote mbili kulijaribiwa na hakukuongeza faida. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014 ulishusha presha ya wagonjwa wa miaka 15 hadi 49, wenye figo zinazochuja vizuri, hadi kati ya 95/60 na 110/75, ukawalinganisha na walioachwa kwenye 120 hadi 130 kwa 70 hadi 80. Figo za kundi la kwanza zilikua kwa kasi pungufu kwa takribani asilimia 14. Tofauti ya uwezo wa kuchuja, kwa miaka ile ya utafiti, ilikuwa ndogo, na baadhi walilalamika kizunguzungu. Hata hivyo kwa kijana kama wewe mimi hulenga huko chini, tukishuka taratibu, mradi mgonjwa haoni kiwi akisimama. Wiki moja au mbili baada ya kuanza dawa, damu ipimwe kreatinini na potasiamu. Na hili lishike kwa mikono miwili: dawa za jamii hizi humdhuru mtoto tumboni. Ukipanga mimba, au siku zako zikichelewa, mwambie daktari mara moja abadilishe. Mimba yenyewe haikatazwi. Wanawake wengi wenye ugonjwa huu, presha ikiwa sawa na figo zinachuja, hujifungua salama, ila wanahitaji uangalizi wa karibu zaidi kwa sababu kifafa cha mimba kiko karibu nao kuliko kwa wengine.

Chumvi, punguza: isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa kwenye vyakula vya viwandani. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ziache kabisa, tumia parasetamoli. Sigara kama unavuta, huo ndio mwisho wake. Na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, angalia kama vina estrojeni. Homoni hiyo hukuza vifuko vya ini, na kwa wanawake ini ndilo linaloweza kuwa kubwa mpaka likabana tumbo. Njia zisizo na estrojeni zipo nyingi.

Sasa ile homoni. Iko dawa moja iliyothibitishwa kupunguza kasi ya ugonjwa wenyewe, tolvaptani, ambayo huziba mlango ambao vasopresini huutumia kwenye seli za figo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wenye washiriki 1445, figo za waliomeza dawa zilikua kwa asilimia 2.8 kwa mwaka, na za wenzao kwa asilimia 5.5. Utafiti wa pili, wa mwaka 2017, uliwachukua waliokuwa wameshapoteza sehemu ya uwezo wa kuchuja: kwa waliopewa dawa ulishuka mililita 2.3 kwa dakika kwa mwaka, kwa wengine 3.6. Japani iliiruhusu mwaka 2014, Ulaya 2015, Marekani 2018. Haiponyi, haifuti vifuko vilivyopo. Inakuongezea miaka kabla ya dayalisisi, na kadiri unavyoanza mapema ndivyo miaka hiyo inavyokuwa mingi.

Gharama yake kwa mwili ni lazima uijue kabla. Ukiziba homoni inayobana maji, maji hayabanwi. Mtu hukojoa lita 5 au 6 kwa siku, huamka usiku mara kwa mara, na ni lazima anywe maji kufidia yote hayo. Dereva wa safari ndefu au mwalimu asiyeweza kuacha darasa hujikuta anachagua kati ya dawa na kazi. Katika ule utafiti wa 2012 karibu robo ya waliokuwa wakiimeza waliiacha kabla ya muda. Siku ya kutapika au kuhara dawa husimamishwa, maana mtu anaweza kukauka upesi. Na kwa wachache huumiza ini, wakati mwingine vibaya, ndiyo maana damu hupimwa kila mwezi kwa miezi 18 ya mwanzo, kisha kila miezi mitatu. Vifuko vyako vya ini havikuzuii kuitumia. Linalozuia ni ini lililougua kwa namna nyingine. Haitolewi kwa mjamzito wala anayenyonyesha. Ni ghali, na mahali pengi haipatikani. Kwa mgonjwa wa daraja la 1A au 1B ningemwambia aachane nayo. Kwa figo zako, ukiwa na 31, ningependa bingwa akupime na mlizungumze wazi. Ikishindikana kwa bei au kwa kukosekana, usione kama umeachwa bila tiba: presha iliyotulia kwa miaka 20 ni tiba, ingawa haina jina la kuvutia.

Zile lita nne za maji zina mantiki, maana maji mengi hushusha vasopresini. Lakini zilijaribiwa. Wagonjwa 184 nchini Australia walifuatiliwa kwa miaka mitatu, nusu yao wakinywa maji kwa kiwango cha kupangiwa, na matokeo yaliyotoka mwaka 2022 hayakuonyesha figo zao zikikua polepole kuliko za wenzao. Kunywa usikae na kiu, mkojo uwe mweupe-mweupe. Kwa wengi hiyo ni lita mbili hadi tatu. Itakusaidia dhidi ya mawe ya figo, ambayo huwapata takribani mmoja kati ya wagonjwa watano. Hakuna haja ya kujilazimisha zaidi ya hapo.

Mjomba ana chembe ya ukweli. Kifuko kimoja kikubwa kinachouma, au kilichojaa usaha, hutolewa maji kwa sindano, na maumivu hupungua. Lakini figo yako ina vifuko vingi mno, vingine ni vidogo kuliko punje ya mchele, na kuvitoboa hakurudishi kichujio hata kimoja. Anayekuahidi kuvimaliza vyote, kwa kisu au kwa dawa ya kunywa, muepuke. Baadhi ya mitishamba huua figo zilizo nzima, sembuse zako. Kuhusu saratani, hapana. Vifuko hivi havigeuki saratani kwa kawaida, na ugonjwa wenyewe si saratani.

Tuje kwa mdogo wako, na hapa naomba msome pamoja. Ultrasaundi safi akiwa na miaka 24, katika familia inayoelekea kuwa ya PKD1, ni habari njema sana. Kwa maisha yake ya kawaida ningemwambia alale usingizi. Kwa kutoa figo, haitoshi. Vifuko vidogo hupita bila kuonekana kwenye ultrasaundi, na kama familia ni ya PKD2 huchelewa kujitokeza. Kama anayo nakala mbovu, atabaki na figo moja yenye ugonjwa, na mzee atapewa nyingine yenye ugonjwa ule ule.

Kwa hiyo afanyiwe MRI kwanza; mtu wa miaka 16 hadi 40 mwenye vifuko chini ya vitano kwa jumla kwenye kipimo hicho huhesabiwa kuwa hana ugonjwa. Timu nyingi za upandikizaji hutaka na kipimo cha jeni kwa mtoaji kijana, na hapo mpangilio ni muhimu: anaanza kupimwa mzee, au wewe. Tukishaijua hitilafu ya familia yenu ilivyo, tunaitafuta hiyo hiyo kwa mdogo wako, na jibu la "haipo" linakuwa jibu. Akipimwa yeye peke yake isionekane, hatutajua kama hana au kama maabara haikuweza kuiona, maana zipo familia ambazo hitilafu yao haipatikani hata ikitafutwa.

Vipimo vyote vikiwa safi, basi atakachokitoa ni zawadi ya kweli. Ugonjwa huu haurudi kwenye figo iliyopandikizwa, kwa sababu figo hiyo hubaki na jeni za aliyeitoa. Zile za zamani kwa kawaida huachwa mahali pake, isipokuwa zikiwa kubwa kupita kiasi, au zikiambukizwa na kuvuja damu mara kwa mara. Naomba pia apewe nafasi ya kuzungumza na timu ile peke yake, bila baba wala wewe, na awe huru kubadili mawazo hata asubuhi ya upasuaji. Kijana wa miaka 24 mbele ya baba mgonjwa ni vigumu kusema hapana. Wewe huwezi kuwa mtoaji, hilo lifute. Mama yenu au ndugu wengine wasio wa damu ya mzee wanaweza kupimwa. Upande huo haumo kwenye urithi huu. Shangazi na baba zako wakubwa na wadogo, kwa upande wao, wanahitaji kuambiwa wapime, na watoto wao wakubwa pia.

Wanao wa miaka 7 na 4 usiwapeleke ultrasaundi kwa sasa. Wapo wenzangu wanaofikiri tofauti, na sababu zao si mbaya, lakini tazama jibu lingekuwaje. Ripoti safi kwa mtoto wa miaka 4 haimaanishi hana. Ripoti yenye vifuko haibadilishi matibabu yake leo, ila itabadilisha namna mtakavyomwangalia akianguka, akichoka, akilia tumbo. Kinachofaa ni kupima presha yake mara moja kwa mwaka kuanzia miaka 5, kwa mkanda wa saizi ya mkono wa mtoto, maana mkanda wa mtu mzima humpa namba za uongo. Presha ikipanda, akikojoa damu, au akiumwa ubavu bila sababu, hapo apimwe figo bila kuchelewa. Vinginevyo mweleze kidogo kidogo kadiri anavyokua, akifika utu uzima achague mwenyewe. Na kama unafikiria mtoto mwingine, hitilafu ya familia ikijulikana inawezekana kuchagua, kwa njia ya kutungisha mimba maabara, kiinitete ambacho hakikuirithi.

Jambo moja hukuliuliza. Ulizeni kwa upande wa baba kama kuna aliyefariki ghafla kwa kuvuja damu kwenye ubongo, au aliyewahi kuambiwa ana mshipa uliovimba kichwani. Uvimbe huo hupatikana kwa takribani watu 10 kati ya 100 wenye ugonjwa huu, dhidi ya 2 au 3 kwa watu wengine, na hupenda kufuata familia. Jibu likiwa ndiyo, unahitaji picha ya MRI ya mishipa ya kichwa hata kama huna dalili yoyote. Likiwa hapana, jadili tu na daktari wako.

Kuna hali ambazo hazingoji miadi. Kichwa kinachouma kwa ghafla na kwa ukali ambao hujawahi kuujua, hasa ukikakamaa shingo au ukitapika: dharura saa hiyo hiyo. Homa pamoja na maumivu ya ubavu: siku hiyo hiyo, kwa sababu kifuko kilichoambukizwa huhitaji antibiotiki zinazoweza kupenya ndani yake, na hutumika kwa wiki kadhaa, zile za siku tano hazitafika. Mkojo mwekundu mara nyingi ni kifuko kilichopasuka, hutulia kwa mapumziko na maji ndani ya wiki moja, lakini damu ikitoka kwa mabonge, usipoweza kukojoa, au ukizidi wiki, nenda.

Kwa miadi ya bingwa wa figo usingoje zaidi ya wiki chache. Nenda na ripoti yenyewe ya ultrasaundi na picha zake, daftari la presha la siku saba, majibu ya kreatinini pamoja na ile namba ya uwezo wa kuchuja inayoandikwa eGFR, na kipimo cha protini kwenye mkojo kama kimefanyika. Kama hakijafanyika, kiombe. Taja dawa zote unazomeza, za uzazi wa mpango zikiwemo, na kama una mpango wa mimba. Mzee akikubali, chukua na nakala ya majibu yake.